Linalia, Halivuti

Gia ya tatu, mlima mrefu, lori la magogo mbele yetu, na upande wa pili wa barabara uko wazi mpaka juu kabisa. Nikatazama kioo, nikawasha indiketa, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Gari likalia. Ule mlio mzito unaotoka chini ya boneti na kukuingia kifuani. Mshale ulikuwa kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika. Ukapanda mpaka 3,700, ukajivuta mpaka 3,900, na sisi bado tuko usawa wa tairi za nyuma za lori.

Rafiki yangu aliyekaa pembeni akasema, "Mbona linalia tu, halivuti?"

Nikaachia mafuta, nikarudi nyuma ya lori.

Sikumjibu. Ilikuwa wiki ya tatu tangu nifunge menifoldi mpya ya kuingizia hewa, yenye mikono, yaani mabomba ya hewa, mifupi minene na chemba kubwa ya kukusanyia hewa, iliyochomelewa vizuri hata unatamani kuupapasa mshono wake. Kila aliyefunguliwa boneti aliisifu, nami nikawa naisifu pamoja nao.

Lakini lile swali la pale mlimani halikunitoka.

## Karatasi mbili

Nina karatasi mbili za daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, ya kabla na ya baada. Kwa wiki tatu nilisoma namba moja tu katika kila karatasi, ile ya juu kabisa. Kabla, kilowati 92 kwenye magurudumu. Baada, kilowati 99. Nyongeza ya saba, yaani nguvu za farasi tisa na ushei, kwenye injini ya lita 1.8, silinda nne, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa. Kwa injini ya aina hiyo farasi tisa si haba. Kuna watu wanafungua injini nzima kuzitafuta.

Usiku ule nilizibandika karatasi zile kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, nikaweka tochi upande wa pili ili mistari yote miwili ionekane kwa pamoja.

Kuanzia mizunguko 5,600 kwenda juu, mstari mpya ulikuwa juu ya ule wa zamani. Chini ya hapo ulikuwa chini yake, tena mbali. Kwenye 4,000, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ilikuwa imetoka Nm (niutoni-mita) 148 ikaangukia Nm 131. Nikapiga hesabu: torki mara mizunguko, gawanya kwa 9,549. Kilowati 62 zilikuwa zimebaki 55.

Saba nilizozipata juu nilikuwa nimezilipa katikati, zote saba.

Namba hizo zilikuwa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza.

## Nilikotafuta kwanza

Hata baada ya kuziona, sikuwa tayari kuilaumu menifoldi. Nilibadilisha plagi. Nikasafisha sensa ya hewa. Nikarudi kwa mtu anayepanga kompyuta ya injini, akasogeza taimingi ya cheche kidogo na kurekebisha mafuta pale katikati. Zikarudi Nm 2, basi. Alipokuwa anachomoa waya zake akaniambia neno ambalo nililibeba hadi nyumbani: kompyuta inagawa mafuta kulingana na hewa iliyopo, na hewa ambayo silinda haikuipata, hakuna programu itakayoileta.

Nikaanza kujiuliza kama si hisia tu. Mlio ukiongezeka, sikio linategemea mwili usukumwe kwa kiasi hicho hicho, na usiposukumwa unaona gari limelegea kuliko lilivyo. Kwa hiyo nikatafuta kipimo kisichohusu sikio. Nilikuwa na video ya mwaka uliotangulia, simu ikiutazama mshale, gia ya tatu, kutoka 3,000 mpaka 5,000, kwenye kipande fulani cha barabara tambarare. Nikarudi hapo hapo, tangi likiwa na mafuta nusu kama wakati ule, nikarudia mara sita, tatu kwenda na tatu kurudi.

Zamani: sekunde 5.3. Sasa: sekunde 5.9.

Ukiisoma mezani, sekunde 0.6 ni kitu kidogo. Ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa, ni mita 15. Ni urefu wa lori.

## Fundi na waya

Kuna fundi mzee ambaye nilimwomba aje aitazame kazi. Nikiri kwamba nilitaka asifu. Aliinama juu ya injini kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Halafu akauliza:

"Gari hili unaliendesha kwenye mizunguko mingapi?"

"Linafika elfu saba, mzee."

"Sijauliza linafika wapi, mwanangu. Nimeuliza unaliendesha wapi."

Nilikosa jibu. Kwa wiki mbili zilizofuata nikairekodi kompyuta ya gari kila sekunde, kila safari, zikiwemo zile asubuhi za Jumapili ninazotoka kwa ajili ya kona tu. Muda niliokuwa juu ya 5,600 ulikuwa asilimia 3. Kati ya 2,800 na 4,800, asilimia 61.

Siku ile aliyoniuliza, kabla hajaondoka, mzee alichukua waya laini, akauingiza kwenye mkono wa menifoldi ya zamani iliyokuwa rafuni, akaufuata mpindo wote mpaka kwenye chemba, akauweka alama kwa wino. Akafanya hivyo na ile mpya. Kisha akazinyoosha nyaya mbili sambamba juu ya meza. Ukijumlisha na njia iliyomo ndani ya kichwa cha injini mpaka kwenye vali, ya zamani ilikuwa sentimita 41. Mpya, 22.

"Umeikata nusu," akasema. Hakusema kingine.

## Hewa ina uzito

Mimi nilikuwa nimekulia kwenye imani moja, nayo ni kwamba injini ni pampu, kwa hiyo kila kinachofupisha na kupanua njia ya hewa kinaisaidia. Menifoldi ya kiwandani, pamoja na mikono yake mirefu iliyopinda kama utumbo, niliiona kama kitu kilichobanwa na wahasibu na ukubwa wa boneti. Imani hiyo ndiyo iliyonigharimu.

Fungua koki ya maji mpaka mwisho, halafu uifunge kwa ghafla. Bomba linagonga. Maji yaliyokuwa yanakimbia hayana pa kwenda, yanajisukuma mwishoni na ukuta unatikisika. Hewa iliyomo kwenye mkono wa menifoldi nayo ina uzito, na ikishashika kasi haipendi kusimama. Pistoni inaposhuka hewa inaanza kukimbilia silindani. Pistoni inafika chini na kuanza kupanda, na vali bado iko wazi, maana kwenye injini nyingi hufungwa nyuzi 40, 50 au zaidi baada ya pistoni kugeuka. Mtu angedhani hapo hewa itarudishwa ilikotoka. Hairudi kama msururu wa hewa ulioko nyuma yake ni mrefu na una kasi ya kutosha, kwa sababu unaendelea kujazia dhidi ya pistoni inayopanda.

Juu ya hilo kuna wimbi. Pistoni inaposhuka kwa nguvu inatengeneza mgandamizo pungufu unaosafiri kwenye mkono kwa mwendo wa sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, kuelekea kwenye chemba. Ukifika pale bomba linapofunguka, unageuka na kurudi ukiwa kinyume chake: umekwenda kama mvuto, umerudi kama msukumo. Msukumo huo ukiikuta vali inakaribia kufungwa, unaingiza hewa ya ziada. Ndiyo maana injini isiyo na tabo inaweza kujaza silinda zaidi ya ujazo wake kwenye mizunguko fulani. Ukiwahi au ukichelewa, hakuna faida, na pengine kuna hasara.

Kinachoamua kama umewahi au umechelewa ni urefu. Kwenye 4,000 mzunguko mmoja wa krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, unachukua milisekunde 15. Kwenye 7,000 unachukua karibu 8.6. Wimbi lenyewe halina haraka ya kuongeza. Mwendo wa sauti haujali umekanyaga kiasi gani. Kwa hiyo injini iendayo kasi inataka njia fupi ili jibu liwahi, na injini ya mwendo wa kati inataka njia ndefu ili jibu lisije mapema mno.

Mimi nilikuwa nimeipa injini yangu njia ya mizunguko 7,000, kisha nikaenda nayo mlimani kwenye 3,500.

Unene nao una neno lake. Mkono mpana unapitisha hewa nyingi juu, lakini katikati hewa ndani yake inatembea polepole, na kitu kinachotembea polepole hakina msukumo wa kujazia. Nilikuwa nimefupisha na kupanua kwa pamoja.

## Waliolijua kabla yangu

Nilipoanza kusoma, kilichonikalisha chini ni Chrysler 300F ya mwaka 1960. Injini yake, V8 ya inchi za ujazo 413, ilikuwa na mikono ya hewa yenye urefu wa inchi 30, karibu sentimita 76, iliyopishana juu ya injini: kabureta iliyoning'inia upande mmoja inalisha silinda za upande wa pili. Ilitoa nguvu za farasi 375, na torki yake kubwa, karibu Nm 670, ilipatikana kwenye mizunguko 2,800 tu.

Kulikuwa na toleo la pili, la farasi 400. Kwa nje menifoldi zake zilifanana na zile za kwanza. Tofauti ilikuwa ndani: kuta zinazotenganisha mikono ziliishia katikati, na urefu unaofanya kazi ukawa inchi 15. Torki ikashuka hadi karibu Nm 630 na kilele chake kikahamia 3,600. Kuondoa ukuta ambao hakuna anayeuona kuliipa injini farasi 25 juu na kuichukulia nguvu chini.

Walijua. Wakaziuza zote mbili, kila mtu na hitaji lake.

Wengine hawakutaka kuchagua. Toyota, kwenye injini ya 4A-GE iliyofungwa kwenye AE86 miaka ya 1980, waliipa kila silinda njia mbili na kuweka kilango katika moja, kinachobaki kimefungwa mpaka mizunguko ipite 4,000 na kitu. Hapo chini hewa yote inapita kwenye njia moja, kwa kasi. Porsche walikuja na VarioRam, menifoldi ya kubadilika urefu, kwenye 911 ya kizazi cha 993, na kwa modeli za mwaka 1996 Carrera ya kawaida ikatoka farasi 272 ikawa na 285, huku katikati pakinenepa pia.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Mazda 787B, iliyoshinda Le Mans mwaka 1991. Injini yake ya rota nne, R26B, ilikuwa na mikono ya hewa inayorefuka na kufupika yenyewe kadiri mizunguko inavyopanda na kushuka, bomba likiteleza ndani ya bomba. Fikiria: gari la mbio, linaloishi juu kabisa kwenye mizunguko, halijali mlio wala adabu, na bado wahandisi wake waliona inafaa kubeba uzito wa mitambo hiyo kwa saa 24 ili katikati pasiwe na shimo. Formula 1 walikuja kuipiga marufuku mikono ya kubadilika urefu mwaka 2006, kisha wakairuhusu tena mwaka 2015.

Baada ya kusoma hayo niliitoa menifoldi ya zamani rafuni, nikaifuta vumbi, nikakaa nayo.

## Sentimita tatu

Kuirudisha tu ingetosha kuponya hasara. Nilitaka zaidi. Kama kufupisha kulikuwa kumeniondolea katikati, je, kurefusha kidogo kungeniongezea?

Hesabu rahisi inasema kilele kinahama kinyume na urefu. Yangu ya kiwandani ilikuwa na kilele cha torki karibu na 4,900. Kutoka sentimita 41 kwenda 44 ni asilimia 7, kwa hiyo kilele kingetua mahali fulani kwenye 4,500 na kitu. Hapo ndipo ninapoishi.

Njia niliyochagua ni kipande cha alumini cha unene wa sentimita 3, kinachokaa kati ya kichwa cha injini na menifoldi, chenye matundu manne. Kwa maneno ni kazi ya mchana mmoja. Kwa vitendo, kila kitu kilichounganishwa na menifoldi kilisogea sentimita 3. Boli ndefu zaidi. Mkono wa kuishikilia kwa chini haukukutana tena na tundu lake. Mipira miwili ya vakyumu ikawa mifupi. Reli ya mafuta ikakaribia bomba la breki kuliko ninavyopenda, nikaipinda njia yake. Nozeli nazo zilisogea mbali na vali, kwa hiyo mafuta mengi zaidi yanatua ukutani kabla ya kuingia. Injini ikiwa baridi ilitaka nyongeza kidogo.

Matundu niliyafuata kwa tupa, si kwa mashine. Nilipaka wino wa bluu kwenye uso wa kichwa, nikabandika gasketi, nikaona mahali ambapo kingo zilikuwa zinatokeza ndani ya njia kama kizingiti. Kwenye silinda ya kwanza kizingiti hicho kilikuwa milimita 2. Hewa iliyosafiri mkono mzima inafika mlangoni na kujikwaa. Niliziondoa zote nne, nikamaliza na msasa wa kawaida, bila kung'arisha. Uso unaong'aa kama kioo hauleti faida ndani ya njia inayopitisha mafuta pamoja na hewa, na jioni nne za kung'arisha ni bora uzitumie kupima.

## Silinda ya tatu

Liliwaka mara ya kwanza. Halafu likakataa kutulia: likiwa limesimama, mshale unapanda 1,800, unashuka 1,100, unapanda tena. Hewa ilikuwa inaingia mahali ambapo kompyuta haikuijua.

Nilikaza boli. Nikabadilisha gasketi zote mbili. Ikarudi vile vile. Usiku wa pili nilifikia hatua ya kutaka kufungua kila kitu na kurudisha kila kipande kilivyotoka kiwandani, na kusahau. Nilikuwa tayari nimeshika spana.

Badala yake nikapuliza moshi ndani ya menifoldi, nikazima taa za gereji, nikasubiri na tochi. Uzi mwembamba wa moshi ukatoka chini ya silinda ya tatu, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila kioo. Nikafungua, nikalaza rula ya chuma juu ya kipande changu, nikajaribu vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Cha milimita 0.2 kikapita pale katikati. Alumini ilikuwa imejikunja wakati wa kukatwa matundu, na mimi sikuwa nimeipima baada ya kukata, nilikuwa nimeipima kabla.

Nililaza msasa juu ya kioo kinene, nikakisugua kipande kwa duara pana, saa mbili nzima, nikichora mistari ya kalamu na kuifuta kwa kusugua mpaka ikawa inapotea yote kwa pamoja. Kibati cha milimita 0.05 hakikupita popote.

Lilipowaka tena, mshale ulisimama kwenye 850.

## Elfu nne

Daino ile ile, mtu yule yule wa kompyuta. Kwenye 4,000, Nm 154. Kwenye 3,500 pia juu ya kiwanda. Kilele kilitua 4,550. Juu kabisa, kilowati 91, moja pungufu ya nilipoanzia. Gia ya tatu, 3,000 mpaka 5,000: sekunde 5.1.

Mlimani kulikuwa na lori jingine, la mchanga. Nilikuwa peke yangu. Sikuwa nimemaliza kukanyaga nikaona limeshaingia kwenye kioo cha nyuma.

Ile menifoldi fupi bado ninayo, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani ni mbovu. Imetengenezwa kwa mikono inayojua kazi. Mtu mwenye gia zilizokaribiana, kamshafti (mhimili unaofungua vali) kali, na uwanja wa mbio ambako mshale haushuki chini ya 5,500, ataipenda na atakuwa na haki. Kijana mmoja amenipigia akitaka kuinunua. Nimemwomba kwanza aniletee rekodi ya mizunguko ya wiki moja.

Kuna kitu kimoja ambacho hakijatulia. Kwenye 5,200 mstari mpya una bonde dogo ambalo ule wa kiwandani hauna, kama Nm 4, na ukiwa na sikio la gari lako utalihisi unapotoka kwenye kona ndefu. Nadhani nimelisogeza wimbi likapishana na vali hapo. Nimekwisha kata kipande kingine, cha sentimita 1.5. Kimekaa mezani karibu na zile nyaya mbili za mzee, matundu bado hayajachongwa. Safari hii nitakipima baada ya kukata.